Maxence Melo: mzaliwa wa Kagera aliyekaa mahakamani miaka minne kwa kukataa kutaja majina

Mwanza. Chukulia uko Mwaloni, Kirumba, au unasubiri kivuko cha Kamanga. Unafungua simu na kuandika, kwa jina la kubuni, kwamba kuna bosi fulani anakula hela za mradi. Posti inasambaa. Kabla ya jioni watu wanaulizana swali moja: nani kaandika?

Kwa Watanzania wengi wanaoandika siasa mtandaoni bila kutumia majina yao halisi, jibu la swali hilo limekuwa mikononi mwa mtu mmoja: Maxence Melo, mwanzilishi mwenza na mkurugenzi wa JamiiForums. Polisi walilitaka jibu. Yeye akakataa kulitoa. Kukataa huko kulimpeleka rumande, kukamfikisha Kisutu zaidi ya mara 100 na kumpa tuzo ya kimataifa.

Haya ndiyo mambo muhimu kuhusu safari yake, kesi zake na malumbano yanayomzunguka.

KWA UFUPI

• Jina kamili: Maxence Melo Mubyazi
• Amezaliwa: 1976, mkoani Kagera
• Anafahamika kwa: kuanzisha JamiiForums pamoja na Mike Mushi, mwaka 2006
• Alikamatwa: Februari 2008 na Desemba 2016
• Kesi: tatu, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam
• Tuzo: Tuzo ya Kimataifa ya Uhuru wa Habari ya CPJ, 2019

Alianzaje?

Mwaka 2006 simu janja zilikuwa za kuhesabu Tanzania. Intaneti ulikuwa unaifuata internet cafe, unalipia kwa dakika, na kompyuta inakukatia kabla hujamaliza. Gazeti la Dar es Salaam lilifika Mwanza au Bukoba limechelewa, na habari kubwa za serikali ulizipata redioni, kwa jinsi serikali ilivyotaka uzisikie.

Ndipo Melo na mwenzake Mike Mushi walipoanzisha JamboForums, ukumbi wa majadiliano mtandaoni kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 2008 jina likabadilika kuwa JamiiForums, au JF kama wengi wanavyopaita.

Kilichowavuta watu ni sharti moja jepesi: hulazimiki kutumia jina lako. Mtumishi wa halmashauri, mwalimu, askari, mhasibu wa benki, kila mmoja angeweza kujiita atakavyo na kusema anachokijua. Jukwaa la Siasa likawa kijiwe cha taifa. Wabunge walilisoma. Waandishi wa magazeti walipita humo asubuhi kutafuta pa kuanzia.

Melo mwenyewe hakupata jina kwa kuandika makala kali. Alichofanya ni kuwapa wengine pa kuandikia na kuwahakikishia kwamba majina yao hayatatoka. Kila mgogoro alioingia baadaye unatokana na ahadi hiyo.

Februari 2008: Richmond na pingu za kwanza

Mtihani wa kwanza ulikuja mapema. Mwanzoni mwa 2008 nchi nzima ilikuwa inazungumzia Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa kuzalisha umeme wa dharura na ikashindwa kazi. Kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake, na Februari 7, 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu.

Mawaziri wawili walijiuzulu pamoja naye, Ibrahim Msabaha na Nazir Karamagi. Karamagi, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, alikuwa mbunge wa Bukoba Vijijini, kwa hiyo Kagera ilikuwa na watu wake pande zote mbili za sakata lile: mmoja aking'oka serikalini, mwingine akiendesha ukumbi ambao watu walikuwa wanalijadili usiku na mchana.

Mwezi huohuo Melo na Mushi walikamatwa na kuhojiwa. Kompyuta zilichukuliwa na JamiiForums ikazimika kwa siku kadhaa. Waliachiwa, ukumbi ukarudi hewani, na idadi ya wasomaji ikaongezeka. Watu ambao hawakuwahi kuisikia JF sasa walitaka kujua kuna nini humo mpaka watu wakamatwe.

Sheria iliyobadilisha mchezo

Kwa miaka saba baada ya hapo hakukuwa na sheria mahususi ya kumbana mtu wa aina ya Melo. Hali ilibadilika Aprili 2015, Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Ilianza kutumika Septemba 1, 2015, wiki chache kabla ya Uchaguzi Mkuu.

Vifungu vitatu ndivyo vinavyohusika na habari hii:

• Kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo mtandaoni. Faini haipungui Sh5 milioni, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

• Kifungu cha 32 kinampa ofisa wa polisi mamlaka ya kuagiza mtu atoe taarifa zilizo kwenye mfumo wake kwa ajili ya upelelezi.

• Kifungu cha 22 kinamhusu anayekaidi agizo hilo au kuzuia upelelezi. Faini haipungui Sh3 milioni, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kwa lugha ya kijiweni: polisi wanakuandikia barua wakitaka jina, barua pepe au namba ya mtu fulani. Ukigoma, kosa linakuwa lako, hata kama hukuandika neno lolote.

Barua za namna hiyo zilianza kufika JamiiForums. Machi 2016 kampuni ya Jamii Media ilikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 32 na 38 vya sheria hiyo, ikidai vinakiuka Katiba. Ilishindwa mwaka 2017. Lakini kabla uamuzi huo haujatoka, mambo yalikuwa yameshafika kwingine.

Desemba 13, 2016

Siku hiyo Melo alikamatwa Dar es Salaam. Polisi walipekua ofisi na nyumbani kwake. Alilala rumande siku kadhaa kabla ya kufikishwa Kisutu Desemba 16, na dhamana aliipata Desemba 19.

Alisomewa mashtaka katika kesi tatu tofauti, namba 456, 457 na 458 za mwaka 2016. Shtaka lililojirudia ni kuzuia upelelezi, yaani kutowapa polisi taarifa za watumiaji walioandika tuhuma dhidi ya kampuni na taasisi mbalimbali, zikiwamo tuhuma za ukwepaji kodi. Kulikuwa pia na shtaka la kuendesha tovuti ambayo anwani yake haikusajiliwa kwa .tz, chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Mike Mushi naye aliunganishwa katika mashtaka.

Tazama kitu ambacho hakikuwemo kwenye hati hizo. Hakuna mahali Melo alishtakiwa kwa kuandika uongo. Hakushtakiwa kwa kumtukana mtu wala kwa uchochezi. Alishtakiwa kwa kuwa na majina na kutoyatoa.

Wakati huo Ikulu alikuwepo mtu mwingine wa ziwani, John Magufuli wa Chato. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Kagera hadi ilipoingizwa katika mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Magufuli hakuificha chuki yake kwa mitandao ya kijamii. Katika hotuba moja aliwahi kusema anatamani malaika washuke waizime. Wengi walicheka. Walioendesha mitandao hawakuwa na sababu ya kucheka.

Kesi tatu ziliishaje?

Zilichukua karibu miaka minne. Kwa Melo, kwenda Kisutu kuliingia kwenye ratiba kama kazi nyingine: kuripoti, kusikiliza, kuambiwa shahidi hajafika au upelelezi haujakamilika, kupangiwa tarehe, kurudi.

Matokeo yalikuwa hivi:

• Juni 2018: aliachiwa huru katika kesi ya kwanza kuamuliwa, namba 457.

• Aprili 8, 2020: katika kesi namba 456 alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi. Aliamriwa kulipa faini ya Sh3 milioni au kwenda jela mwaka mmoja. Mushi aliachiwa huru.

• Novemba 17, 2020: katika kesi namba 458 alitiwa hatiani tena, lakini akaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda wa mwaka mmoja.

Ukipiga hesabu: kesi moja alishinda, mbili alishindwa, na hakufungwa. Ila hesabu hiyo haisemi yote. Mtu anayetakiwa mahakamani mara zaidi ya 100 hawezi kusafiri atakavyo, hawezi kupanga kazi, na analipa wakili muda wote huo. Kwa mradi mdogo wa mtandaoni, gharama ya kusubiri hukumu inaweza kuzidi hukumu yenyewe.

2018: leseni ya kuandika

Kesi zikiwa bado zinaendelea, serikali ilikuja na kitu kingine. Machi 2018 zilitangazwa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu, televisheni ya mtandaoni au ukumbi wa majadiliano alitakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

Bei ilikuwa hii: Sh100,000 za maombi, Sh1 milioni ya leseni ya kuanzia na Sh1 milioni ya ada ya mwaka. Ukikiuka kanuni, faini isiyopungua Sh5 milioni, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote.

Kijana wa Nyegezi au Igoma aliyekuwa anaendesha blogu ya habari za mtaani kwa laptop moja na bando la wiki asingeweza kupata Sh2.1 milioni. Blogu nyingi zilikufa kimyakimya mwaka huo. Wenye blogu hawakukamatwa. Walishindwa kulipa, basi.

Kulikuwa na sharti lililomgusa Melo moja kwa moja: mwendeshaji alitakiwa awe na njia ya kumtambua mtu aliyeweka maudhui. Yaani kile alichokuwa anashtakiwa kwa kukikataa Kisutu kilikuwa sasa kimeandikwa kwenye kanuni za leseni.

Mashirika ya haki za binadamu na ya habari, pamoja na Jamii Media, yalikwenda Mahakama Kuu Mtwara. Mei 2018 mahakama ilizisimamisha kanuni kwa muda, na mwezi haujaisha zuio likaondolewa. Juni 2018 TCRA ilitoa agizo kwa wasio na leseni kuacha kuweka maudhui mapya, na JamiiForums ikazima. Ilikaa kimya wiki kadhaa, kisha ikarudi hewani.

Wanaompinga wana hoja gani?

Melo hana mashabiki tu. Hoja dhidi yake ni za kweli na zinapaswa kusikilizwa.

Ya kwanza ni ya watu waliochafuliwa. Jina la kubuni linamlinda anayefichua wizi, na linamlinda vilevile mwenye chuki na jirani yake. Mfanyabiashara anaweza kuamka asubuhi akute uzi mrefu unaomwita mwizi, wenye maoni mamia, na asijue amshtaki nani. Akienda kwa mwenye ukumbi, anaambiwa jina halitolewi. Kwa mtu huyo, msimamo wa Melo hauonekani kama uhuru wa habari. Unaonekana kama ukuta.

Ya pili ni ya vyombo vya dola: kwamba hakuna nchi inayokubali mtu binafsi achague agizo lipi la polisi alitii na lipi alikatae. Mahakama ya Kisutu, katika kesi mbili kati ya tatu, ilikubaliana na upande wa mashtaka.

Ya tatu ni ya wasomaji wenyewe. Uvumi hukimbia kuliko ukweli, na ukumbi wenye majina ya kubuni hubeba vyote viwili kwenye mtumbwi mmoja.

Upande wa Melo umejibu kwa miaka kadhaa kwamba shida yao haikuwa polisi kuomba taarifa. Shida ilikuwa kuombwa bila kuelezwa kosa gani linachunguzwa, na kwa agizo la ofisa wa polisi pasipo hakimu kulipitia kwanza. Kuhusu uongo, ukumbi una wasimamizi wanaofuta na kufunga mada, na baadaye ukaanzisha JamiiCheck, huduma ya kuhakiki habari zinazosambaa.

Kwa hiyo ubishi wenyewe ukiutazama kwa karibu ni mwembamba kuliko unavyosikika: nani awe na mamlaka ya kulifungua jina la mwananchi, polisi peke yake au mahakama?

Tuzo ya 2019

Mwaka 2019 Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, CPJ, yenye makao yake New York, ilimtaja Melo miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Kimataifa ya Uhuru wa Habari. Wengine walikuwa Patrícia Campos Mello wa Brazil, Neha Dixit wa India, na Lucía Pineda Ubau na Miguel Mora wa Nicaragua.

Kwa nchi ambayo miaka michache nyuma ilikuwa inasifiwa kwa magazeti yake mengi na huru, tuzo hiyo ilikuwa heshima na aibu kwa pamoja. Melo aliipata akiwa bado mshtakiwa. Hukumu zake mbili zilikuja mwaka uliofuata.

Hili linawahusu vipi watu wa ziwani?

Rudi Septemba 20, 2018, miezi mitatu tu baada ya JamiiForums kuzimwa na kurudi. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati ya Ukara, wilayani Ukerewe. Idadi rasmi ya waliokufa ilifika 228. Uwezo wa kivuko ulikuwa abiria 101.

Mbunge wa Ukerewe wakati huo, Joseph Mkundi, alikuwa ameshalalamikia hali ya kivuko hicho bungeni. Baada ya ajali Rais Magufuli alisema nahodha hakuwemo ndani na usukani aliachiwa mtu asiye na mafunzo, akaagiza wahusika wakamatwe.

Mbunge ana kinga anapozungumza bungeni. Mkata tiketi hana. Fundi wa injini hana. Kuli anayepakia magunia ya mahindi na kuona maji yamefika pasipotakiwa hana. Hao ndio wanaojua siku kwa siku nani anajaza kupita kiasi, na hao ndio wenye kibarua cha kupoteza wakisema kwa majina yao.

Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Lakini mara ngapi mamlaka husika ndiyo yenye kivuko, yenye mradi, au yenye mkataba unaolalamikiwa? Mtu wa namna hiyo akikosa pa kusemea kwa siri, atanyamaza. Na ziwa halisubiri mtu apate ujasiri.

Ndiyo maana habari ya Melo haiishii kwa wanasiasa wa Dar. Inamhusu muuguzi wa Sekou Toure aliyeona dawa zinatoka mlango wa nyuma, na mvuvi wa Ukerewe anayejua nani anachukua hongo ili nyavu haramu zipite.

Ziwa moja, nchi tatu

Kenya na Uganda nazo zimepita humohumo, na mahakama zao zimekwenda tofauti kidogo.

Kenya, Aprili 2016, Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichokuwa kinatumika kuwakamata wanablogu kwa "kutumia vibaya" vifaa vya mawasiliano. Kesi ilifunguliwa na Geoffrey Andare. Kabla ya hapo kifungu cha namna hiyo kilikuwa kiboko cha wanablogu wa siasa jijini Nairobi.

Uganda, mwanazuoni Stella Nyanzi alifungwa miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi alilompostia Rais Yoweri Museveni kwenye Facebook. Aliachiwa Februari 2020. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta.

Na Arusha, Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Baada ya Magufuli

Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Aprili 6 mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza vyombo vya habari vilivyofungiwa vifunguliwe, akasema wasipewe watu nafasi ya kusema serikali inabinya uhuru wa habari. Hewa ilibadilika. Melo, aliyekuwa mgeni wa kudumu wa Kisutu, akaanza kuonekana kwenye mikutano ya wadau na serikali.

Moja ya mambo ambayo shirika lake lilikuwa likiyapigania kwa miaka lilitimia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, ikaleta tume yake. Kwa mara ya kwanza nchi ilikuwa na sheria inayosema taarifa zako ni zako.

Lakini upepo ulirudi. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Septemba 6, 2025, wiki chache kabla ya Uchaguzi Mkuu, TCRA ilisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90, ikisema ukumbi huo ulichapisha maudhui yaliyopotosha umma na kumdhalilisha Rais. Siku 90 kuanzia hapo zilifunika sehemu kubwa ya kampeni, siku ya kura Oktoba 29 na wiki zilizofuata.

Tangu pingu za 2008 mpaka hapo marais watatu walikuwa wamepita, na chini ya kila mmoja ukumbi wa Melo ulizimwa angalau mara moja.

Mambo matano ya kujua kabla hujaposti

1. Jina la kubuni halikufichi kwa kila mtu. Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na usajili wa zamani ulifika ukomo Januari 20, 2020. Namba yako inaongoza hadi kwenye kitambulisho chako cha NIDA.

2. Mwenye ukumbi au kundi anaweza kuombwa taarifa zako. Melo alikataa na akalipa gharama. Si kila mwenye ukumbi atafanya hivyo.

3. Kusambaza ni kuchapisha. "Nimeforwadi tu" haimwondoi mtu kwenye kifungu cha 16 kama taarifa ni ya uongo na anajua ni ya uongo.

4. Ushahidi kwanza. Picha yenye tarehe, risiti, barua au namba ya mkataba vina uzito kuliko hasira. Ukitaja wizi bila karatasi, unampa mwizi nafasi ya kukushtaki.

5. Ulinzi wa mtoa taarifa kisheria unaanzia kwa mamlaka, si kwenye posti. Kama jambo lako linaweza kupelekwa Takukuru au kwa mamlaka nyingine kwa usalama, sheria ya 2015 iko upande wako huko kuliko ilivyo mtandaoni.

Melo hakuwahi kuwajua kwa sura wengi wa watu aliowabeba Kisutu miaka yote hiyo. Baadhi yao huenda waliandika ukweli, baadhi huenda walipotosha. Wao walirudi kazini kesho yake, na majina yao hayakusomwa mahakamani.